Mnara wa Chumbe, Ngazi za Mkuyuni

Nilikuwa Unguja, nikapitia nyumbani Mkuyuni, na sasa nimerudi mjini nikiwa na hasira. Vumilieni.

Tuanze na Unguja. Nimepanda mnara wa taa wa Chumbe. Kama hupajui, Chumbe ni kisiwa kidogo kusini mwa Mji Mkongwe. Mnara wake ulijengwa na Waingereza mwaka 1904 ili meli zisipasukie kwenye miamba. Eneo lake la bahari limehifadhiwa kisheria tangu 1994, na ndiyo maana matumbawe yake bado yako hai. Chini ya mnara kuna kimsikiti kidogo walichokuwa wakisalia waliokuwa wanatunza taa. Unapanda ngazi zaidi ya mia, jasho linakutoka, halafu unafika juu na kusahau uchovu wote. Bahari ina rangi ambazo Kiswahili changu cha Morogoro hakina majina yake. Sijutii hata shilingi niliyotoa, ingawa ilikuwa nyingi.

Sasa hasira. Kwenye boti tulikuwa Watanzania watatu tu, wengine wote wageni. Mmoja wetu, kijana msomi kutoka Dar, alisimama kule juu akasema, "Jamani, tuseme ukweli. Bila wazungu hata taa ya baharini tusingekuwa nayo." Tukacheka. Na mimi nilicheka! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Niliporudi Mji Mkongwe nikaenda kutazama Jumba la Maajabu, Beit al-Ajaib, au tuseme kilichobaki chake. Hapo ndipo akili ilinirudia. Je, unajua kwamba Zanzibar ilikuwa na mnara wake wa taa kabla ya ule wa Chumbe? Ulikuwa umesimama karibu na jumba hilo ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, ukiangaza bandari. Unajua uliishia wapi? Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliupiga mji mizinga kwa muda usiofika saa moja, kwa sababu Khalid bin Barghash alikalia kiti bila ruhusa yao. Mnara ule ukaharibiwa vibaya kwa mizinga hiyo, na haukusimama tena.

Piga hesabu. Mwaka 1896 wanauharibu mnara wa taa wa Zanzibar. Mwaka 1904, miaka minane baadaye, wanajenga wa kwao Chumbe. Na zaidi ya karne moja baadaye msomi wa Dar anasimama juu ya ule wa pili na kuwashukuru kwa kutuletea wa kwanza! Hata neno lenyewe lingetushtua. "Mnara" limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni mahali pa nuru. Mabaharia wa pwani hii walikuwa wakisafiri kwa pepo za kusi na kaskazi kabla hajazaliwa Mwingereza yeyote wa kuwawashia taa.

Shuleni tulikariri maajabu saba ya dunia ya kale. Kila mshindi wa chemsha bongo alijua mnara wa Aleksandria, uliosimama kwenye kisiwa cha Faros katika Bahari ya Mediterania, ukaangushwa na matetemeko ya ardhi, na mawe yake yakajengewa ngome ya Qaitbay katika karne ya 15. Vizuri sana, elimu haina mwisho. Lakini mnara wa Barghash hatukuusikia darasani hata siku moja. Tunajua mnara ulioangushwa na tetemeko huko Misri, hatujui ulioangushwa na mizinga hapa kwetu.

Na tusiwasingizie wakoloni kwa kila kitu. Jumba la Maajabu lilifungwa mwaka 2012 kwa sababu lilishaanza kubomoka. Desemba 25, 2020, likiwa kwenye ukarabati, sehemu kubwa iliporomoka na watu wakafa. Hapo hapakuwa na manowari ya mtu.

Haya, twende Mkuyuni.

Nilimkuta bibi yangu anaanika pilipili manga uani. Nikamsimulia Chumbe kwa mbwembwe zote: bahari, mnara, ngazi zaidi ya mia. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Na nani alikuwa anaiwasha hiyo taa?"

Kimya. Najiita mwandishi wa habari, nimelipa nauli na kiingilio, nimepiga picha mpaka betri ikaisha, na sikuuliza nani alikuwa anapanda zile ngazi kila jioni ilhali mimi nilizipanda mara moja nikahema. Msikiti wao nimeupiga picha. Majina yao sikuuliza.

Bibi hakuishia hapo. "Mjukuu wangu, umekwenda mbali kupanda ngazi za watu. Ngazi tulizozikataa hapa mbona hujawahi kuniuliza?"

Alikuwa anasema matuta ya ngazi. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu wa milima ya Uluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili udongo usimomonyoke. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri. Shambani, majembe yalitoa juu udongo mfu wa chini na kuufukia ule wenye rutuba, mazao yakadhoofu, na wanawake wenye kazi nyingine lukuki wakazidishiwa mzigo. Mwaka 1955, TANU ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu, Waluguru wakasema basi. Wakagoma, wakaandamana, polisi wakaletwa, na mwisho serikali ikauacha mpango. Wakulima wa majembe ya mkono waliishinda serikali ya kikoloni miaka sita kabla ya uhuru!

Bibi alikuwa binti wakati huo. Anakumbuka wimbo, anakumbuka nani alijificha wapi. Mimi nimepita barabara ya Matombo maisha yangu yote, na sijawahi kuona hata bamba moja la kusema hapa watu walikataa.

Najua mtasema nini. Kundi la kwanza: "Achana na minara ya wakoloni, ibomoke." Hapana. Ukiibomoa, utamwonyesha nini mwanao unapomsimulia ya 1896? Chumbe itunzwe, na habari za waliowasha taa yake zitafutwe. Kundi la pili: "Historia haijazi tumbo." Mbona inajaza matumbo ya wanaowapeleka wageni kuiona? Wageni wanaokwenda Kisaki wanapita mbele ya mlango wa bibi kila msimu. Wananunua ndizi na kuondoka, kwa sababu hatujawahi kuwaambia wamepita wapi.

Nataka vitu vitatu. Walimu wa historia wa Morogoro, wapelekeni watoto kwa wazee wenye kumbukumbu za 1955, wakiwa na daftari. Hawadai kiingilio. Halmashauri, bei ya bamba moja haizidi bei ya semina moja. Na wanahabari wenzangu, tuache kwanza kunakili taarifa kwa vyombo vya habari, tukachukue sauti za wazee hawa. Walioshuhudia wakiwa na akili timamu sasa wana zaidi ya miaka themanini. Hatuna miaka kumi ya kusubiri.

Mimi nimeanza. Nina saa mbili za sauti ya bibi kwenye kinasa sauti, na wiki ijayo narudi kuchukua nyingine. Wewe bibi yako yuko wapi, na umemuuliza nini?