Jenerali Opande alikuwa mwalimu pia

Asante mwandishi kwa habari za Jenerali Daniel Opande wa Kenya, mzaliwa wa 1943. Kazi yake ya Namibia umeieleza vizuri, lakini Sierra Leone umeipa mstari mmoja tu! Huko aliongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa tangu mwishoni mwa 2000, na kufikia Januari 2002 wapiganaji zaidi ya 70,000 walikuwa wamesalimisha silaha. Sisi wa Gitega, Burundi, tunaujua uzito wa kazi hiyo. Mkataba wa amani wa Arusha ulitaka kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi letu, na baada ya 2004 vijana waliotoka porini walivaa sare moja na waliokuwa wakiwawinda. Hapa kwetu na kwa ndugu zetu wa Muyinga, familia nyingi zina watu wa pande zote mbili. Nani aliwafundisha wanajeshi hao kulala kambi moja? Maofisa walimu, ambao wachache sana wanawakumbuka. Kwa hiyo miaka ya Opande katika Chuo cha Ulinzi cha Taifa, Karen, naithamini kuliko nishani zake zote. Tafadhali, mtafute mzee umuulize alifundisha nini darasani.