Msafara wa Baisikeli na Mtu wa Mwisho

Mtu apandaye baisikeli peke yake katika Uganda Road mjini Eldoret huwa kama mgeni katika njia ambayo ni haki yake. Malori marefu yaendayo Malaba humsukuma ukingoni kwa upepo wao. Matatu humkatia njia ili kuwahi abiria. Pikipiki humpita kushoto na kulia. Yeye hutazama mbele, husikiliza nyuma, na moyo wake hautulii mpaka amefika. Lakini mtu huyo huyo akitoka pamoja na wenzake mia mbili, dereva wa lori hupunguza mwendo na kungoja. Barabara ni ile ile, na sheria ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa anaonekana.

Hiyo ndiyo sababu iliyowafanya watu wa miji mingi duniani waanze desturi ya kutembea mjini kwa baisikeli wakiwa kundi kubwa. Mjini New York, Marekani, mwaka 1977 walitoka watu wapatao 250 tu. Siku hizi hutoka watu 32,000 hivi, kila mwaka mwezi wa Mei, nao hupita katika sehemu zote tano za mji ule, barabara zikiwa zimefungwa kwa ajili yao. Safari yao ni maili 40, yaani kilometa 64 hivi. Mwenyeji wa Eldoret hawezi kuisikia hesabu hiyo bila kutabasamu, kwa maana mji wake ulianzia katika shamba namba 64, ukaitwa Sisibo, na hata leo wengi huutaja kwa namba hiyo.

Iko namna ya pili ya safari hizi. Mwezi wa Septemba mwaka 1992, katika mji wa San Francisco, waendesha baisikeli walianza kutoka pamoja mara moja kwa mwezi bila kufungiwa barabara, wakienda katikati ya motokaa kama wasafiri wengine. Desturi hiyo ilienea nchi nyingi, na Nairobi nayo ina msafara wake wa kila mwezi. Mjini Kigali, tangu mwaka 2016, baadhi ya barabara zimekuwa zikifungwa kwa motokaa katika siku maalum za Jumapili, watu wakatembea, wakakimbia na kupanda baisikeli bila hofu. Mwezi wa Septemba 2025 mji huo huo uliyapokea mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani, nayo yalikuwa ya kwanza kufanyika katika Afrika.

Basi, yeyote atakaye kushiriki safari ya namna hii Eldoret, jambo la kwanza ni kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Barabara ikifungwa, kazi kubwa iko mikononi mwa wakuu wa mji na polisi. Isipofungwa, kazi kubwa iko mikononi mwa waendeshaji wenyewe, na hapo ndipo nidhamu huwa uhai.

Eldoret si mgeni wa baisikeli. Katika miaka ya 1960 watu wa mpakani, Busia na Malaba, walianza kuvusha abiria na mizigo kwa baisikeli kati ya Kenya na Uganda, na kazi hiyo ikapata jina la bodaboda. Ikaenea miji ya magharibi, Eldoret ikiwamo. Abiria alikaa nyuma juu ya mto uliofungwa kwenye keria, na mwendeshaji akapanda mlima kwa nguvu za miguu yake. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na tangu hapo pikipiki zikaishika kazi ile kwa haraka. Hata hivyo baisikeli haikufa. Ingali inabeba maziwa alfajiri, mikate, kuni na magunia. Ingali inampeleka mlinzi zamu yake na fundi kibaruani. Ila imesukumwa ukingoni mwa barabara, na wengi wameanza kuidhani kuwa chombo cha mtu aliyekosa nauli.

Kwa sababu hiyo msafara wa baisikeli nyingi mjini si mchezo wa vijana tu. Karani mwenye baisikeli mpya yenye gia 21 huenda bega kwa bega na muuza maziwa mwenye baisikeli nyeusi nzito, ile ambayo watu huiita Black Mamba. Mmoja ametoka Elgon View, mwingine Langas au Huruma. Kwa muda wa saa mbili wote wana cheo kimoja, nacho ni kukanyaga pedeli.

Lakini hapo hapo ndipo penye hatari, na yafaa ielezwe kwa hesabu. Watu 200 wakienda wawili wawili hufanya safu 100. Kila safu, pamoja na nafasi iliyo mbele yake, huchukua mita nne hivi. Kwa hiyo msafara mzima una urefu wa mita 400. Wakienda mwendo wa kilometa 15 kwa saa, watapita mahali pamoja, kama vile njia panda, kwa muda wa dakika moja na nusu na zaidi kidogo. Dereva mwenye subira ya kawaida aweza kungoja muda huo. Lakini wa mbele wakivutwa na nguvu za miguu yao, msafara hunyooka kama mpira. Mita 400 huwa 800, kisha huwa kilometa nzima. Mapengo hutokea. Matatu huingia katika pengo la kwanza, lori katika la pili. Mwishowe aliye nyuma hujikuta peke yake katikati ya magari, naye amekuwa tena mgeni yule yule wa kila siku, tofauti yake ni kuwa sasa amechoka na ana haraka ya kuwafikia wenzake. Huyo ndiye atakayegongwa.

Kwa hiyo mwendo wa msafara hauwekwi na aliye mbele. Huwekwa na aliye nyuma. Kiongozi wa mbele yampasa awe mtu mwenye nguvu za kwenda kasi na moyo wa kutokwenda kasi. Nyuma kabisa awepo mfunga msafara, mwenye pampu, spana, viraka na gundi, naye asimpite mtu yeyote mpaka mwisho wa safari. Akipata mtu mwenye pancha, habari ipelekwe mbele kwa sauti au kwa simu, na msafara ungoje mahali palipo wazi, si katika kona wala mteremkoni. Katika kila njia panda wasimame walinzi wawili wenye fulana zing'aazo, wawaonyeshe madereva mkono kwa adabu, na wakiisha kupita wote wawashukuru. Dereva aliyeshukuriwa leo atampa nafasi mwendeshaji mmoja kesho.

Yeyote aendaye katika kundi na ajifunze mambo machache. Akae upande wa kushoto wa barabara. Asiingize gurudumu lake la mbele sambamba na gurudumu la nyuma la mwenzake, kwa kuwa mwenzake akipinda kidogo tu, ataanguka aliye nyuma. Asikaze breki ghafula. Akiona shimo, alionyeshe kwa mkono na kusema "Shimo!", na neno hilo lipokewe safu kwa safu mpaka nyuma, maana wa nyuma hawaoni ila migongo. Asishike simu wala asipige picha akiwa mwendoni. Kabla ya siku hiyo aitazame baisikeli yake: breki zote mbili, upepo wa magurudumu, mnyororo uliotiwa mafuta, usukani uliokazwa, na kengele. Kofia ngumu si pambo.

Na njia nayo ichaguliwe kwa akili. Eldoret uko juu ya bahari kiasi cha mita 2,100, na mgeni aliyetoka pwani au Kisumu hupungukiwa pumzi mapema kuliko alivyodhani. Mto Sosiani umepita katika bonde, na atakaye kutoka katikati ya mji kwenda Langas hana budi kuteremka na kupanda. Katika kupanda msafara hukatika; katika kuteremka hugongana. Afadhali safari ianze asubuhi ya Jumapili, magari yakiwa machache, kwa kuwa tangu Aprili hadi Agosti mvua hupenda kunyesha alasiri, na lami iliyolowa haimhurumii mtu. Kituo cha polisi kipewe taarifa mapema pamoja na ramani ya njia.

Huenda kijana mmoja akauliza: mbona mwendo wa pole namna hii katika nchi ya wakimbiaji mashuhuri? Jibu lake ni kwamba mashindano yana mahali pake, na hata huko kasi ina bei. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyeshika nafasi ya tatu katika mashindano ya kuizunguka Rwanda mwaka 2017 na aliyekuwa nahodha wa timu ya Amani, alianguka na kufariki tarehe 27 Agosti 2022 akiwa mashindanoni katika jimbo la Vermont, Marekani, naye ana umri wa miaka 33. Alikuwa stadi miongoni mwa mastadi. Ikiwa stadi aweza kupatwa na hayo, mtu aliyeitoa baisikeli yake stoo Jumamosi jioni hana sababu ya kushindana katika barabara yenye mama na watoto wao. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji, la tano katika Kenya. Hati hutiwa sahihi siku moja, lakini jiji hujengwa kila siku, na moja ya dalili zake ni kwamba mtu wa kipato kidogo aweza kufika kazini akiwa hai. Mji ambao wakuu wake wamewaona waendesha baisikeli mia mbili wakipita kwa utaratibu hautashindwa kufikiri juu ya ukingo wa lami uliovunjika, mtaro usiofunikwa, na mahali pa kufungia baisikeli karibu na soko na hospitali. Lakini wakuu hao wakiona fujo, watu wakipita taa nyekundu na kuwatukana madereva, watajifunza fujo tu, na jibu lao litakuwa katazo.

Ndiyo maana kazi ya mwisho ya siku ile hufanyika baada ya nyimbo na picha kwisha. Viongozi huhesabu watu kama walivyowahesabu asubuhi. Ikiwa walitoka 200 na waliofika ni 199, hakuna aendaye nyumbani. Hungojewa yule mmoja, hata kama ni mzee wa maziwa anayekuja akiivuta baisikeli yake kwa mkono kutoka Sosiani, na mfunga msafara yuko kando yake, amebeba pampu.