Usikate tiketi ya Nairobi kabla kadi haijafika

Mtu akipata ukazi wa kudumu Kanada, kitu cha kwanza anachotafuta kwenye simu si kazi mpya wala nyumba kubwa. Ni bei ya tiketi ya kuja Nairobi. Na namwelewa kabisa. Amesota miaka minne, mitano, amelinda maghala usiku kwenye baridi ya kukata masikio, amekosa harusi ya dadake, na mazishi ya shosho aliyatazama kwa video akiwa amejifungia chooni kazini. Siku barua pepe ya uthibitisho inaingia, anapiga nduru, anaweka bendera kwenye WhatsApp, kisha anaandikia kundi la familia: nakuja Desemba.

Tulia kwanza, ndugu yangu.

Kuna kitu kimoja ambacho watu wengi hawakijui hadi kiwaume. Kupata ukazi na kuwa na kadi ya ukazi ni mambo mawili. Ukazi unao tangu siku ulipothibitishwa, hakuna anayebisha. Lakini anayeamua kama utapanda ndege ya kurudi si jaji wala afisa wa uhamiaji. Ni dada au kaka aliyesimama kwenye kaunta pale JKIA usiku, na orodha ya karatasi anazoruhusiwa kukubali ni fupi sana. Mkazi wa kudumu anayerudi Kanada kwa ndege, basi, treni au meli anatakiwa kuwa na kadi halali, au hati maalum ya safari ambayo ukiitafuta mtandaoni utaipata kwa jina PRTD. Basi. Ile barua ya kuthibitisha ukazi uliyoichapisha na kuiweka kwa bahasha ya plastiki haimo. Pasipoti ya Kenya peke yake haimo.

Na ile viza ya zamani ya masomo? Kuna jamaa mtandaoni wanaapa walipita nayo bila shida. Huenda ni kweli, kaunta nazo zina siku zake. Lakini ile viza ulipewa ukiwa mgeni, na wewe si mgeni tena. Kusafiri kilomita elfu kumi na kitu ukitegemea kwamba mhudumu atakuwa amechoka asisome vizuri, huo si mpango. Hiyo ni kamari.

Wengi wanawalaumu wahudumu wa ndege kwa hili, ati wana roho mbaya, ati wanadharau Waafrika wenzao. Mimi siwalaumu. Kampuni inayopeleka Kanada abiria asiye na hati sahihi hutozwa pesa, na mara nyingi yeye huyo hurudishwa kwa gharama yao. Ukiwa kwenye nafasi ya yule dada wa kaunta, mshahara wake unaujua, utajitolea kwa sababu ya barua ambayo orodha yako haina?

Kuna kundi lingine linaloumia zaidi, nalo halizungumziwi. Hawa ni wale wanaopata ukazi wakiwa hapa nyumbani, wakapewa viza ya kuingilia. Mtu ana kazi Westlands, ana gari la mkopo, ana mtoto katikati ya muhula. Anaambiwa lazima aingie Kanada kabla ya tarehe fulani la sivyo viza inaisha. Anafanya nini? Anaenda wiki mbili, anapigwa muhuri, anarudi kufunga maisha yake ya Nairobi pole pole. Akilini mwake ile viza bado iko pale kwenye pasipoti, inang'aa. Lakini viza hiyo ni ya kuingia mara moja. Ilifanya kazi yake siku ile alipotua Toronto, ikaisha.

Sasa kadi yenyewe. Wizara ya uhamiaji ya Kanada hutuma kadi ya kwanza kwa posta, kwa anwani ya Kanada tu. Haitumi Donholm, haitumi Nyali. Huyu mwenzetu wa wiki mbili alilala kwa binamu, kwa hivyo akaacha anwani ya binamu. Kama hakuacha anwani yoyote ndani ya siku 180, itabidi aombe kadi upya na kulipia dola 50 za Kanada. Na kadi haiji kesho. Ni wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na binamu naye anahama nyumba, au anasahau kufungua sanduku la barua, au mmekosana kwa sababu ya pesa za harambee. Wako wanaotumiwa kadi na jamaa kupitia kampuni za vifurushi, na ikafika salama. Mimi bado moyo hautulii nikifikiria kadi ya maisha ya mtu ikizunguka duniani ndani ya bahasha.

Ukikwama Nairobi, njia iliyo wazi ni hiyo PRTD. Unaiomba ukiwa nje ya Kanada, unalipa dola 50, chini kidogo ya Sh5,000, unaonyesha kwamba wewe ni mkazi kweli na bado unatimiza sharti la kuishi kule. Kwa kawaida ni ya kuingia mara moja. Pesa si tatizo, hata ukilinganisha na tiketi ni kama nauli ya matatu. Tatizo ni muda. Mwajiri wako alikupa likizo ya wiki tatu, hakukupa miezi miwili. Kodi ya nyumba kule haisubiri. Kama uko kwenye kipindi cha majaribio kazini, unaweza kurudi ukapata mtu mwingine anakalia kiti chako. Na kumbuka wewe ndiye unayetuma pesa nyumbani. Sasa uko nyumbani, hutumi, unakula.

Halafu utasikia ushauri wa mtaani: pitia Marekani, shuka Buffalo, uvuke kwa gari. Hapa kuna ukweli kidogo. Sharti la kadi linahusu vyombo vya usafiri wa umma, kwa hivyo mkazi anayefika mpakani kwa gari la kibinafsi anaweza kuonyesha barua yake na pasipoti, na afisa akamwingiza. Shida ni moja, na ni kubwa: wewe ni Mkenya. Ili ushuke Buffalo unahitaji viza ya Marekani. Anayekushauri hivyo huwa na pasipoti tofauti na yako, au alipata viza yake zamani akasahau alivyoitafuta.

Pasipoti yetu inaongeza taabu nyingine njiani. Safari nyingi za Nairobi kwenda Kanada hupitia mji wa tatu. Uingereza, kwa mfano, humtaka Mkenya viza hata ya kubadilisha ndege tu, na kadi halali ya ukazi wa Kanada ni mojawapo ya vitu vinavyokuondolea hitaji hilo. Bila kadi, ile tiketi ya bei nafuu kupitia London inaweza kukukatalia hata kabla hujafika kwenye swali la Kanada. Soma masharti ya kila mji utakaopitia, si ya mwisho wa safari pekee.

Nikisema ukweli, hapa Kanada wenyewe wana lawama. Marekani, pamoja na ukali wake wote, humgongea mhamiaji mpya muhuri kwenye viza yake anapoingia mara ya kwanza, na viza hiyo iliyogongwa inahesabika kama ushahidi wa ukazi kwa mwaka mmoja. Kadi ya kijani ikichelewa, mtu anaenda kuzika na kurudi. Uingereza imeachana na kadi za plastiki kabisa. Zile za zamani ziliisha muda mwishoni mwa 2024, na sasa hali ya mtu iko kwenye mfumo wa kidijitali. Huo nao una vituko vyake, lakini angalau hakuna anayengoja posta. Kanada inakuthibitisha kwa barua pepe, inakutumia karatasi ya uthibitisho kwa kompyuta, inachukua picha yako kwa kompyuta, kisha inakwambia usubiri kipande cha plastiki ndani ya bahasha. Kama serikali hiyo hiyo inaweza kuambia kampuni za ndege papo hapo nani apande na nani asipande, inashindwaje kutambua mkazi wake mpya aliyesimama Embakasi na barua yake mwenyewe mkononi? Hati ya kielektroniki ya miezi sita ya mwanzo ingetosha. Wakenya walioko kule na tayari wana uraia, hao wana mbunge wa kumuuliza swali hilo. Wamuulize.

Lakini kuna watu ambao kwao hata kadi mkononi haitoshi, na hili naomba lisomwe polepole. Miaka ya karibuni Wakenya wengi wameomba hifadhi Kanada, na baadhi yao wamekubaliwa, kisha wakapewa ukazi kupitia njia hiyo. Mtu wa aina hii alisema mbele ya wakuu kwamba hawezi kuishi Kenya kwa usalama. Akija Nairobi kwa pasipoti ya Kenya kula nyama choma Desemba, serikali ya Kanada inaweza kwenda mbele ya bodi na kusema amejirudisha mwenyewe chini ya ulinzi wa nchi yake. Bodi ikikubali, ulinzi unaondolewa. Na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka wa 2012, ukazi wa kudumu unaondoka pamoja nao. Hata kuomba pasipoti mpya ya Kenya kunaweza kutumika dhidi yake. Huyu hahitaji ushauri wa TikTok, wala wangu. Anahitaji wakili wa uhamiaji kabla hajagusa tiketi. Na sisi tulioko huku, tukimwona mtu hataki kuja, tuache kumuuliza ana siri gani.

Kwa sababu presha kubwa hutoka huku. Mzee akifariki, kundi la WhatsApp linafunguliwa jioni hiyo hiyo, mweka hazina anachaguliwa, na swali la kwanza ni: huyo wa Kanada anakuja lini, na ameahidi ngapi? Akisema kadi bado, anaonekana anajificha. Kuna shangazi atasema amekuwa mzungu. Hakuna kwenye kamati anayejua kwamba huyo mtu amekaa kitandani na simu, anapima kati ya jeneza la babake na kazi inayolipia mochari.

Siwezi kumwambia mtu asiende kumzika babake. Wako ambao wangeenda hata wakijua hawatarudi, na hilo ni lao. Ninachosema ni waende macho wazi. Kama bado uko kule, iambie wizara kwamba ni dharura. Kifo au ugonjwa mkubwa kwenye familia ni sababu inayokubalika ya kuomba kadi iharakishwe, ukiwa na ushahidi na tiketi, ingawa hawaahidi itafika kwa wakati. Ikishindikana, ondoka ukijua utaomba PRTD ukiwa Nairobi, na uombe wiki ya kwanza, siyo siku ya kurudi ikikaribia. Beba ile barua ya uthibitisho, beba mikataba ya nyumba na barua ya kazi. Mwambie mwajiri ukweli kabla ya kuondoka. Chukua tiketi inayobadilishwa tarehe hata kama ni ghali. Bakisha pesa za miezi miwili ya kodi, na hapo mchango wako wa mazishi utapungua. Ni sawa upungue.

Jambo moja huwatia watu hofu bure. Kukwama Nairobi bila kadi hakukufutii ukazi. Sharti ni kukaa Kanada angalau siku 730 katika kila miaka mitano, kwa hivyo miezi miwili au mitatu ya kuhangaika haikumalizi. Kuna matapeli wanaotumia hofu hiyo kuuza "barua za haraka" na "watu wa ndani" pale ubalozini. Fomu ziko kwenye tovuti ya serikali ya Kanada, ni za bure kupakua, na ada ni ile ile niliyotaja. Anayekuitisha Sh80,000 za kukuharakishia hati ya dola 50 amekuona umelia, akajua leo amepata.

Kwa wale ambao hawana msiba, wanataka tu Desemba: shikeni Aprili. Pasaka iko, mvua iko, tiketi ni nafuu, na mahindi ya kuchoma yanapatikana mwaka mzima.