Kila Somo la Maabara Liwe na Skripti Yake

Wewe unayeingia maabara ya kompyuta na flashi mfukoni tu, makala hii ni yako. Mwenye laptop yake naye asome, maana hoja inamgusa.

Kipindi chetu cha vitendo ni saa mbili. Nusu saa ya mwanzo inaliwa na kazi ileile kila wiki: kuiambia sheli ya Linux data iko wapi na programu ziko wapi. Taarifa hizo ndizo vigeu vya mazingira. Unaandika `export DATA="$HOME/utafiti/data"`, na kila programu utakayoiendesha kutoka hapo inaweza kujua pa kusoma. Shida ni kwamba kigeu hicho kinaishi na terminali hiyo tu. Ukiifunga, kimekwenda.

Mwenye laptop anakiandika mara moja kwenye faili la `.bashrc`, habari imeisha. Sisi wa mashine za maabara, ambazo husafishwa kila mtu akitoka, tunaanza upya. Sasa niambieni, mtihani wa vitendo ukija, nani kafanya mazoezi zaidi?

Napendekeza kila somo liwe na skripti moja fupi, tuiite `mazingira.sh`. Humo viandikwe vigeu vyote vya somo, na kila mstari uwe na maelezo yake ya Kiswahili baada ya alama ya `#`. Mwanafunzi aibebe kwenye flashi, aandike `source mazingira.sh`, kazi ianze.

Wapo watakaosema huko ni kudekezana, kwamba mtu hujifunza kwa kuandika mwenyewe. Hoja hiyo naiheshimu, mimi ni mwalimu tarajali. Lakini jamani, kunakili ubaoni wiki kumi mfululizo kunafundisha vidole peke yake. Skripti inaleta maswali ya maana. Mfano: ukiandika `bash mazingira.sh` badala ya `source`, huoni kosa lolote, ila vigeu navyo huvioni. Kwa nini? Kwa sababu hapo umezaa sheli mpya. Mtoto hurithi vigeu ambavyo mzazi ameviweka kwa `export`, lakini mzazi harithi kitu kwa mtoto. Mtoto akimaliza kazi, anaondoka na vyake. `source` yenyewe husoma mistari ndani ya sheli uliyomo, ndiyo maana vigeu vinabaki.

Au chukua `PATH`, orodha ya mahali sheli inapotafuta programu. Andika `export PATH="$HOME/programu:$PATH"` na mambo yako sawa. Sahau ile `$PATH` ya mwisho, hata `ls` haitapatikana. Acha nafasi kando ya alama ya `=`, kigeu hakitawekwa inavyotakiwa. Mwalimu akiyaeleza hayo matatu kwa kipindi kimoja, mwanafunzi ataweza kuandika skripti yake mwenyewe wiki inayofuata.

Tahadhari moja: nenosiri la hifadhidata lisiwekwe humo kamwe. Skripti ya darasa itazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, hilo halina ubishi. Siri ikae kwenye faili la pembeni, lenye ruhusa ya `chmod 600` ili asome mwenye nalo tu.

Tukihitimu, wengi wetu tutafundisha shule ambazo wanafunzi kadhaa wanashirikiana kompyuta moja. Mwalimu aliyezoea kunakili atawanakilisha na wao, na kipindi cha dakika 40 kitaisha kabla somo halijaanza.

Kwa hiyo namwomba waziri wa elimu wa serikali yetu ya wanafunzi alipeleke jambo hili kwa wakuu wa idara kabla ya muhula ujao. Halihitaji bajeti. Linahitaji faili la mistari michache, na mhadhiri aliye tayari kueleza kila mstari unafanya nini.