Kifungo Kisiwe Hukumu ya Kifo

Wapenda mageuzi wa Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru hawahitaji kufundishwa maana ya mtu kunyimwa matibabu kizuizini. Kenneth Matiba, mwana wa Murang'a, alikamatwa tarehe 4 Julai 1990, siku tatu kabla ya Saba Saba, akazuiliwa bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1991, akiwa bado mikononi mwa Serikali, alipatwa na kiharusi, na matibabu yaliyomstahili yakacheleweshwa. Alitoka akiwa amevunjika afya, na hakuwa tena mtu yule hadi alipofariki mwaka 2018. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamuru alipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 500.

Tulilia naye, na tulikuwa na haki ya kulia. Lakini leo tunauliza: je, haki tuliyoidai kwa ajili ya Matiba ni ya viongozi peke yao? Au ni ya kijana wa Karatina pia, aliyefungwa kwa kuuza chang'aa, anayeishi na virusi vya Ukimwi na ambaye hajameza dawa yake tangu alipotiwa pingu?

Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kujibu. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya afya. Ibara ya 51 inamhifadhia mfungwa haki zake zote, isipokuwa zile tu ambazo haziwezi kabisa kwenda pamoja na kifungo. Kumeza kidonge hakupingani na kufungwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zinazoitwa kwa jina la Mandela, zinasisitiza kwamba mfungwa atibiwe bure na kwa kiwango kile kile cha raia walio nje, na kwamba matibabu ya Ukimwi na kifua kikuu yasikatizwe. Hakimu anapotoa hukumu ya miezi sita, anachukua miezi sita ya uhuru wa mtu. Hana mamlaka ya kuchukua mapafu yake.

Twajua kwamba hatua zimepigwa. Ukimwi ulitangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Mwaka 2003, Moody Awori alipokuwa na dhamana ya magereza, milango ilifunguliwa kidogo: magodoro yakaingia, na redio, na macho ya watu wa nje. Tangu mwaka 2006 dawa za kupunguza makali ya Ukimwi hutolewa bila malipo katika hospitali za umma. Hatusemi kwamba hakuna lililofanyika. Tunasema kwamba mnyororo wa matibabu hukatika, na hukatika mahali panapojulikana.

Hukatika kwanza katika seli ya polisi. Mtu akikamatwa Ijumaa jioni, huenda asimwone hakimu hadi Jumatatu, na dawa zake ziko nyumbani. Hukatika tena anapohamishwa, tuseme kutoka rumande ya Embu hadi King'ong'o, kama rekodi zake za kliniki hazikumfuata. Na hukatika siku ya kuachiliwa, anaposimama langoni akiwa na nguo alizovaa tu, bila dawa wala barua ya kumpeleka kliniki ya kwao. Dawa hizi humezwa kila siku. Zikikatizwa, virusi huongezeka upya na vinaweza kuwa sugu. Lakini anayezimeza sawasawa hadi virusi visionekane tena kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Kwa hiyo kumtibu mfungwa ni kumkinga pia mkewe au mumewe anayemngoja nyumbani.

Kwa msongamano wa magereza yetu, kifua kikuu hupata makao mema. Kikohozi cha mmoja huwa cha chumba kizima, na mwenye virusi vya Ukimwi ndiye wa kwanza kulala chini. Askari wa magereza huivuta hewa ile ile, kisha hurudi kwa watoto wake jioni. Jela haina ukuta wa kuzuia ugonjwa.

Sasa tuseme na ndugu zetu wa makanisa juu ya jambo linaloleta aibu. Ndani ya magereza watu hujamiiana, wengine kwa hiari, wengine kwa hongo ya chakula, na wengine kwa kulazimishwa kwa nguvu. Kwa kuwa Kanuni ya Adhabu inaharamisha ngono ya mwanamume na mwanamume, Serikali imekataa kupeleka kondomu magerezani, kana kwamba tendo lisilotajwa halitendeki. Afrika Kusini na Lesotho zimeruhusu kondomu magerezani. Tunakumbuka jinsi kondomu zilivyochomwa moto hadharani Nairobi katika miaka ya 1990 kwa jina la maadili. Hatumwombi askofu wala mchungaji yeyote abariki dhambi. Tunamwomba asisimame kati ya kijana aliyebakwa na kinga ambayo ingemwokoa. Injili ya Mathayo, sura ya 25, imemweka mgonjwa na mfungwa katika orodha moja, na haikuuliza aliuguaje.

Hatari nyingine ni usiri. Mwaka 2000 wafungwa sita waliuawa King'ong'o. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba walianguka wakijaribu kutoroka, lakini uchunguzi wa maiti ukaonyesha kwamba walipigwa. Gereza lisilotazamwa na watu wa nje linaweza kuficha pigo la rungu. Litashindwaje kuficha kidonge kisichotolewa?

Tena kuna swali la fedha na mamlaka. Katiba iliwapa magavana hospitali, magereza yakabaki kwa Serikali Kuu. Mfungwa wa King'ong'o huangukia katikati: zahanati ni ya Nairobi, hospitali ya rufaa ni ya Kaunti ya Nyeri. Na mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, taifa zima liliona jinsi matibabu ya Ukimwi yalivyoegemea mkono wa mgeni. Mfungwa hawezi kutafuta kliniki nyingine.

Kwa hiyo tunadai haya. Kwanza, kila anayetiwa seli aulizwe kwa faragha kuhusu dawa zake, na azipate siku hiyo hiyo. Pili, asihamishwe wala kuachiliwa mtu bila barua ya rufaa na dawa za mwezi mmoja. Tatu, upimaji uwe wa hiari na wa siri, kama sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inavyotaka, kondomu zipatikane, na aliyenajisiwa apewe dawa ya kuzuia maambukizi kabla ya saa 72 kupita. Nne, mahakimu watumie sheria ya mwaka 1998 ya kutumikia jamii, ili makosa madogo yasiendelee kujaza rumande. Tano, mabunge ya kaunti za Mlima Kenya yakubaliane na idara ya magereza kwa maandishi, na yatenge fedha.

Mwaka 2010, katika kesi iliyoletwa na Priscilla Nyokabi, aliyekuja kuwa mbunge mwakilishi wa wanawake wa Nyeri, mahakama ilikubali kwamba mfungwa anaweza kupiga kura ya maamuzi. Mwaka 2017 wafungwa walimpigia kura rais. Basi ni wananchi, na wagombea wa mwaka 2027 wawahesabu hivyo. Kila parokia na kila kanisa lenye gereza jirani, kuanzia King'ong'o hadi Mwea na Meru, lisipeleke sabuni na nyimbo tu wakati wa Krismasi. Liombe kuonana na mkuu wa gereza, limuulize ni lini dawa zilikosekana mara ya mwisho, kisha lituandikie jibu alilolipata.