Madoa ya Jua la Ziwani
Mama anayeanika samaki Hamukungu, kando ya Ziwa George nchini Uganda, hupigwa na jua mara mbili: la juu na linalorudishwa na maji, na ikweta iko jirani tu. Akitokwa na madoa mashavuni, nani amlaumu kwa kutafuta dawa? Balaa ni mkorogo, krimu ya kuchubua ngozi inayoweza kuwa na zebaki au kemikali ya haidrokwinoni. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana vipodozi vyenye zebaki vikome ifikapo 2025. Vizuri, ila kikopo ni kidogo, rahisi kupenyezwa, na mpaka wa Uganda na Kongo pale Mpondwe na Kasindi una shughuli nyingi. Mtumiaji wa mkorogo unamjua kwa mikono: uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi tii. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni, ikipakwa muda mrefu bila daktari, huweza kugeuza doa la kahawia kuwa la buluu-nyeusi, na hilo kuliondoa ni kazi ngumu mno. Kwa hiyo dada zangu, vaeni kofia pana, pakeni krimu ya kukinga jua, msikamue chunusi zisije zikaacha madoa, na kopo lisiloandikwa kilichomo mwachieni muuzaji mwenyewe.