Boti Yako Naivasha Inakunywa Nini?

Watu wangu wa Spring Valley, leo mtanisikiza. Gari lako linakunywa petroli ya kituo, tena unadai risiti. Lakini boti yako pale Naivasha? Petroli ya mtungi, ya kando ya barabara, eti juu ni rahisi.

Mwaka wa 2018 serikali ilitoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, kwa sababu wajanja walikuwa wanachakachua nayo petroli na dizeli. Unadhani wajanja wote waliokoka? Petroli ya hivyo huigongesha injini. Ikiwa na maji, maji yanazama chini ya tangi yakingoja. Na ile uliyoacha tangu Pasaka ishachacha, inaacha utando kama gundi kwa kabureta.

Gari likizima Waiyaki Way utaita fundi. Boti ikizima karibu na viboko, watoto wako ndani, utaita nani? Na nahodha pia ni mtoto wa mtu.

Nunua kituoni, wiki hiyo hiyo ya safari. Injini ya kuchanganyiwa oili, fuata kipimo cha mtengenezaji. Ukiona ni ghali, baki nyumbani utazame ziwa kwa simu.